Mgeni kwa Kifaransa

Élisabethville, 14 Julai 1957

Kwako yaya Edith, dada yangu mkubwa wa darasani,

Nakusalimu sana. Sisi huku wazima, ila baridi ya mwezi huu imekaza na mama anakohoa kila asubuhi. Wewe je, na mama mdogo wako huko Kasenga? Kifua chako kinauvumilia moshi wa samaki? Barua hii namkabidhi Rigobert, dereva wa lori la samaki la yule Mgiriki. Ameapa kwamba hataitumia kufungia karanga.

Yaya, nimeianza barua hii mara nne. Kila mara namaliza salamu, halafu mkono unasimama. Unanijua: hata darasani niliomba ruhusa kwa kidole tu. Leo nitajaribu kusema.

Ile siku ya Mkutano wa Mataifa hainitoki. Namwona Masera Godelieve, mtawa mwalimu wetu, ametoka likizo Ubelgiji na wazo lake jipya, anatuambia tutajifunza kuwa wenyeji wa dunia nzima. Kila msichana akapewa nchi. Albertine alikuwa Amerika, na kofia ya baba yake iliyomfunika masikio. Dominique alikuwa Uingereza. Wewe ulikuwa Siam, nchi ambayo kitabu chetu kiliiandikia mistari miwili, mchele na tembo. Mimi, kwa kuwa siwezi kusimama mbele za watu, nikakalishwa kiti cha mkalimani, na makopo mawili ya maziwa masikioni, yamefungwa kwa waya, eti ndivyo wanavyofanya kule Umoja wa Mataifa, New York. Kila mjumbe aseme Kiswahili kama lugha ya nchi yake, nami nikigeuze Kifaransa kwa wazungu wa mstari wa mbele.

Hoja ilikuwa meli za mataifa makubwa: je, zikae katika bandari za mataifa madogo? Ukasimama, Siam nzima, ukasema: "Sisi hatufukuzi muntu. Lakini mugeni ni siku mbili. Siku ya tatu, umupe jembe."

Wasichana wote wakacheka. Mimi nikasema nini? Nikasema *étranger*. Nikasema mtu wa nchi nyingine, siku ya tatu tutamtia jembe mkononi. Niliona shingo ya Bwana Inspekta wa shule ikiiva kama nyanya, na kicheko kikakatika. Siku ya nne ukaondolewa shuleni, zikiwa zimebaki wiki tatu tu tupewe diploma.

Kulikuwa na neno *invité*, yaya. Mgeni wa kupikiwa. Nalijua tangu darasa la nne. Siku ile halikuja. Nisamehe.

Mimi diploma nimepata, na tangu Jumatatu niko kazini kule foyer. Masera anawafundisha mama za siti, mitaa yetu Waafrika, kushona na kuogesha watoto, mimi natafsiri. Nakuletea atlasi yako, uliisahau ndani ya dawati.

Mdogo wako,
Ngalula


Kasenga, 4 Agosti 1957

Mudogo yangu Ngalula,

Jambo, na jambo tena. Mama asikie nafuu. Umupe maji ya tangawizi. Miye niko muzima, mama mudogo iko muzima, samaki tu ndiyo imekufa. Barua yako ilinuka samaki kabla ya kufika kwa samaki, Rigobert aliikalia njia yote.

Usilie juu ya neno moja. Na makopo ya maziwa masikioni, nani angesikia vizuri? Nilikuangalia nikajiuliza: huyu iko anatoa Kifaransa ao iko anakamua ngombe?

Huku mama mudogo ananiita Siam. "Siam, geuza samaki! Siam, tembo yako imelala?" Ninajua sasa kupasua, kukausha, kupanga ndani ya vikapu. Lakini nikuambie ukweli, miye nilitaka kufundisha. Asubuhi ninaandikia batoto ya bavuvi herufi juu ya muchanga wa muto Luapula. Tukifika herufi ya M, maji imeshafuta A.

Kitu kimoja ninakuuliza, maana Dominique aliniandikia. Anasema kesho yake ya ule mukutano, Masera alikuita peke yako mu bureau yake, mukakaa sana, kabla banifukuze. Alikuuliza nini? Na weye ulijibu nini?

Atlasi nimepokea. Siam iko mbali kweli.

Yaya yako,
Edith


Élisabethville, 15 Septemba 1957

Yaya Edith,

Salamu nyingi. Mama ameacha kukohoa, anakushukuru kwa tangawizi. Natumaini hujambo, na herufi zako zinashindana vizuri na maji.

Rigobert amenipitia mara tano. Kila Jumatano anapiga honi mbele ya nyumba na kuuliza, "Mademoiselle, majibu iko wapi? Yaya yako atasema niliikula!" Nami namwambia mama anaumwa. Mama haumwi tangu mwezi wa nane. Nimemsingizia mama yangu ugonjwa ili nisikuandikie.

Ulichouliza ni hiki.

Masera aliniketisha. Hakuwa na hasira. Alisema, "Ngalula, mimi Kiswahili changu ni cha jikoni. Inspekta anataka Edith aondoke. Niambie, hilo neno *mugeni*, ni *étranger* tu, au linaweza pia kuwa *invité*? Fikiri kwanza."

Alinifungulia mlango wote, yaya. Na nilijua. Kila mtoto wa siti anajua. Lakini juu ya meza palikuwa na karatasi ya kazi ya foyer yenye jina langu, na pembeni Inspekta ameandika kwamba Kifaransa changu ni safi. Nikiri kosa, karatasi ile ichukuliwe? Nikasema, "*Étranger*, Masera. *Étranger* tu." Nilisema kwa sauti kubwa, mimi ambaye sauti haitoki.

Wiki iliyopita Mama Kapinga alimletea Masera karanga ndani ya kitambaa, akasema, "Ni ya mugeni wetu." Masera akanigeukia: "Amesema nini?" Neno *invité* lingenifichua. Nikamjibu, "Amesema asante."

Mwisho wa Oktoba kuna mtihani wa pili kwa walioshindwa wa kwanza. Nataka kwenda kwa Masera nimwambie, upate kuufanya. Kila asubuhi navaa viatu vya kwenda, kisha vinanipeleka kazini.

Mdogo wako, kama bado unanikubali,
Ngalula


Kasenga, 29 Septemba 1957

Ngalula,

Kukosa neno, hata padri anakosa. Lakini weye uliulizwa. Uliulizwa polepole, peke yako, bila makopo masikioni.

Baba yangu alinileta huku na lori. Njia yote hakuniongelesha hata neno. Aliamini nilitukana bazungu kusudi bamufukuze kazi. Mpaka leo haniandikie.

Unataka kuenda kwa Masera? Uende, ao usiende. Lakini usiende kwa kutafuta usingizi yako halafu useme ni juu yangu.

Edith


Élisabethville, 13 Oktoba 1957

Yaya Edith,

Nakusalimu, hata kama salamu hairudi. Barua yako niliisoma nimesimama. Nilitafuta salamu upande wa nyuma wa karatasi, nikidhani umeiandika huko.

Jumanne nilikwenda. Masera alikuwa anahesabu sindano. Nilimwambia yote, na machozi hayakuniacha niyapange vizuri. Akaniuliza, "Siku ile ulijua?" Nikasema nilijua. "Na kwa nini unasema leo?" Nikasema, "Kwa sababu ya karanga, Masera." Akauliza, "Karanga gani?" Ilibidi nimweleze na hilo.

Kazi ya foyer sina tena. Amepewa Albertine, ambaye Kifaransa chake bado kinavaa kofia ya baba yake. Sikuambii ili unihurumie. Umesema nisitafute usingizi, na kweli sijaupata.

Kisha nikaenda kwa baba yako, kwenye karakana ya reli. Nilisubiri langoni mpaka filimbi ilie. Nikamwambia kwamba hukumtukana mtu, kwamba ulisema methali, na mimi ndiye niliyeiharibu mara mbili, mara ya kwanza kwa woga, mara ya pili kwa kupenda. Aliifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Mwishoni akauliza lori la Kasenga linatoka saa ngapi.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya Masera. Inspekta amekubali ufanye mtihani tarehe 28, kwa sharti moja: utie sahihi kwamba ulisema *invité*, na kwamba neno *étranger* halikuwa moyoni mwako. Ni mstari mmoja tu. Rigobert anarudi Jumatano.

Tia sahihi, yaya. Nakuomba.

Mdogo wako,
Ngalula


Élisabethville, 30 Oktoba 1957

Yaya Edith,

Salamu. Rigobert amepita tena mikono mitupu, na mara hii hakupiga honi.

Juzi ilikuwa siku ya mtihani. Nilikaa mbele ya lango la shule tangu saa moja asubuhi, nikiangalia njia ya stendi. Masera alitoka mara mbili kuangalia na yeye. Kengele ilipolia akafunga lango mwenyewe, taratibu.

Niandikie, hata mstari mmoja.

Ngalula


Kasenga, 10 Novemba 1957

Mudogo Ngalula,

Jambo. Mama yako ni muzima? Na weye, unakula? Hapa mvua imeanza, samaki inakataa kukauka, mama mudogo anagombana na mawingu.

Baba alifika. Alinishika kichwa kama zamani, halafu akatengeneza mulango.

Karatasi ya Masera nimeisoma mpaka ninaijua kwa kichwa. Nilishika kalamu, kweli. Lakini nikuambie weye tu. Siku ile nilisimama niseme mugeni wa kupikiwa. Halafu nikaona Inspekta amenyoosha miguu, ameweka kofia yake juu ya daftari yangu kama ni meza yake. Tangu hapo sijui nilisema mugeni gani. Labda bote babili. Neno letu linabeba bote, na ile karatasi inataka mumoja. Nikitia sahihi, nitakuwa nimefanya kile ulifanya weye mu bureau. Sikuweza.

Kwa hiyo diploma sina. Sitakudanganya eti haiumi. Inaumiza, na siku zingine jina yako ndiyo inakuja kwanza.

Karatasi ni nzito, ya muzuri. Nimefunga nayo samaki hii. Umupikie mama supu.

Batoto sasa ni kumi na saba. Muchanga haitoshi. Padri ametupatia nyumba ya zamani ya nyavu, lakini majani mbele yake imefika kwenye kiuno, na ndani kuko nyoka moja mwenye kufikiri ni yeye mwalimu. Batoto banaomba nibafundishe Kifaransa. Miye yangu ni ya kuvunjika, unaijua.

Ukuye huku na lori ya Jumatano. Nimeshasema na Rigobert, atakuweka mbele, si juu ya vikapu. Siku mbili utakula, utalala, hakuna atakayekuuliza neno.

Siku ya tatu, jembe iko nyuma ya mulango.

Yaya yako,
Edith