Jiwe la Saba na la Kumi na Tisa

Tarehe 9 Machi. Miaka thelathini na minane imetimia tangu niondoke, na siku kumi na moja juu yake.

Mdogo wangu mpendwa,

Naandika nikitumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba ule mguu uliokuwa ukivimba umepungua. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kulia linalalamikia kila ngazi, lakini ngazi ni nyingi na goti ni moja, kwa hiyo halijapata wa kulisikiliza. Barua yako ya mwezi wa kwanza ilinifikia. Nimeisoma mara tatu, hasa pale uliposema kifua cha mumeo hakimpi nafasi, kwamba siku hizi anashinda dirishani akitazama barabara, na kwamba kama nina nia ya kumwona shemeji yangu nisingoje mpaka nije kuonyeshwa kaburi. Uliandika bila lawama. Nilikuelewa.

Basi nikupe habari za safari.

Yule mjukuu wangu mpima macho, ambaye niliwahi kukutumia picha yake akiwa na koti jeupe, aliposomewa barua yako alisema jambo hili si la kujadili, ni la kukata tiketi. Ana likizo ya siku nne mwezi ujao. Akaninunulia kitabu cha watalii kinachoeleza namna ya kuutazama mji wetu kwa siku mbili na magofu kwa siku moja, siku ya nne ikibaki ya kufunga mizigo. Nimekisoma kama mtu asomaye habari zake mwenyewe zilizoandikwa na wapita njia. Kinasema wenyeji wa mji ni wakarimu, wanapenda utani na hawajali sana saa. Mjukuu wangu akaniuliza hayo mengine yalinidondoka wapi, maana yeye kwangu kauona utani tu. Kinasema pia kwamba uchochoro tulimozaliwa unafaa kupigwa picha kabla ya saa tatu asubuhi, jua likiwa bado upande mmoja. Ni kweli. Ndio wakati mama alipokuwa akianika nguo, nasi tulipita chini yake bila kujua kwamba tunapendeza.

Fomu ya viza iliniuliza naenda kufanya nini: biashara, masomo, matibabu au utalii. Nilitafuta kisanduku cha tano, hakikuwapo. Nikatia alama kwenye utalii.

Unanijua kwa kupanga. Nilichukua karatasi ya miraba nikazigawa zile siku nne kwa nusu saa nusu saa. Siku ya kwanza nikaweka daraja la zamani, soko, na jengo la mahakama lenye saa isiyotembea. Ya pili, makumbusho, ile bustani ya nyuma yake na maduka ya vitabu, kama bado yapo. Ya tatu, magofu kutwa nzima. Baada ya kila ngazi ndefu niliweka nusu saa ya goti. Mjukuu wangu akaishika karatasi, akasema hii si safari, ni ratiba ya garimoshi, na kwamba babu amempangia hata saa ya kwenda msalani. Alicheka sana. Kisha akapitisha kidole toka juu mpaka chini, mara mbili, akauliza kwa bibi ni siku gani.

Niliangalia. Nusu saa tisini na sita za mchana, na hukuwamo hata katika moja. Nikamwambia nimesahau. Akanijibu kwamba babu yake hasahau kitu; huwa anakiruka.

Hakunibana zaidi. Akafungua picha za magofu kwenye simu yake ili tuone kama njia ya kufika langoni inapitika na goti langu. Lango lilitokea, limetegemezwa nguzo mbili za chuma, na ufa umepanda juu ya tao kama mshono uliofumuka. Yeye kazi yake ni kuona kilichopinda. Akaikuza picha, akaniuliza mbona jiwe hili limekaa kama jino lililoota upande, na mwenzake wa ng'ambo vilevile. Kisha akanisomea kibao kilichosimamishwa pale kwa ajili ya wageni. Kinasema tao lilipasuka kutokana na kazi mbovu ya mwashi wakati wa ukarabati. Akauliza kama nilimfahamu mwashi huyo.

Namfahamu. Alikuoa wewe.

Sasa nitakueleza jambo ambalo sikupata kulisema, na nakuomba ulisome mpaka mwisho kabla hujamwita mumeo.

Unakumbuka jinsi alivyopata jina la Timazi, ule uzi wenye uzito wa kupimia kuta: ungeweza kutundika uzi mbele ya ukuta wake, na uzi usiuguse wala usiachane nao toka juu mpaka chini. Ofisi ya mambo ya kale ilipoamua kulivunja tao lile na kulijenga upya, yeye alipewa kazi ya mawe na mimi ya karatasi. Tao lilikuwa na mawe ishirini na matano. Kazi hiyo ina utaratibu mmoja tu. Kila jiwe linapakwa namba, namba hiyo hiyo inaandikwa kwenye mchoro, mawe yanashushwa na kutandazwa uwanjani, halafu mwashi anayarudisha kwa kufuata mchoro. Mwashi haulizi, anasoma namba.

Mimi nililichora lango nikiwa nimekaa upande wa ndani, kwa kuwa nje kulikuwa na jua. Namba nilizipaka nikiwa upande wa nje. Kushoto kwa ndani ni kulia kwa nje. Hilo hata anayeanza kazi analijua, nami nilikuwa nikiyageuza kichwani kila nilipoandika. Niliyageuza yote isipokuwa mawili, la saba na la kumi na tisa. Kwa macho yanafanana. Lakini waliolichonga lango lile zamani walikata kila jiwe kwa mahali pake, na jiwe halisahau.

Timazi alipofika la saba alishuka jukwaani, akanifuata nilipokaa. Aliniambia, shemeji, jiwe hili halitaki kukaa, hebu itazame tena karatasi yako. Watu walikuwa wakisikiliza. Mimi nilikuwa nimetoka masomoni, nina kalamu tatu mfukoni. Sikuinuka kwenye kiti. Nilimjibu kwamba karatasi haibembelezi mawe, arudi juu akafuate namba. Watu walicheka. Naye alicheka kidogo, kwa ajili yangu, ili nisionekane nimemkosea. Akarudi juu, akaliziba pengo kwa chokaa na kabari za mawe. Miezi mitatu baadaye tao likashuka vidole viwili na kupasuka.

Mpaka hapo lilikuwa kosa, na kosa ni la kila mtu mwenye mikono. Lililofuata si kosa. Mkuu wetu aliitisha kikao Jumatatu, akaniagiza nilete mchoro. Jumamosi iliyotangulia kikao, ofisini peke yangu, nilikuwa nimekwisha kuuona ulipokosea. Nikatandika karatasi mpya, nikauchora upya wote, la saba na la kumi na tisa yakiwa mahali pake. Nikaandika tarehe ya zamani na kupiga muhuri. Hiyo ndiyo niliyoiweka mezani. Mkuu alimwonyesha Timazi kwa kidole, akamuuliza kama hajui kusoma namba. Mumeo aliitazama ile karatasi muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Nadhani alijua tangu siku ile. Sijui kama aliwahi kukwambia.

Aliachishwa kazi wiki ile ile. Mimi mkuu aliniandikia barua ya sifa, na kwa barua hiyo nilipata nafasi ya kuja huku. Ulinifungia mizigo wewe. Walioketi barazani wakaligeuza jina lake kuwa dhihaka, wakimuuliza Timazi mbona umeegemea, nawe uliniandikia hayo, nami nilikujibu kwamba watu hawana kazi. Kisha yakaja yale mambo yaliyofunga mipaka kwa miaka tisa. Wenzangu waliyalia. Mimi niliyalia pia, lakini nikajificha nyuma yake, na mipaka ilipofunguliwa nikaendelea kujificha pale pale.

Mchoro wa kwanza sikuuchana. Nimekaa nao miaka yote hii ndani ya kamusi kubwa, na nimeufunga pamoja na barua hii. Mpe Timazi ausome yeye mwenyewe. Siku zote alikuwa hodari wa kusoma michoro kuliko mkuu wetu. Pamoja nao kuna nakala ya barua niliyoiandikia ofisi ile, yenye jina langu na sahihi yangu, inayoeleza haya yote na kutaka kibao kiondolewe. Kama watakaa kimya, mjukuu wangu ataifikisha mkononi mwao. Anaweza kugombana akiwa anatabasamu. Hilo kalirithi kwako.

Atakuja peke yake. Ratiba nimeipanga upya. Siku ya pili yote ni yako, sikuigawa. Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, ni lango, pamoja na Timazi, naye ni babu yake, kifua kikimruhusu. Gari linafika hadi chini ya tao. Namwomba mumeo amwonyeshe mjukuu wangu yale mawe mawili na amweleze yalivyotakiwa kukaa.

Utauliza kwa nini siji kuyasema mwenyewe. Nimewaza sana juu ya hilo. Najua nikibisha hodi mumeo atainuka kwa shida anipe kiti chake, aseme yamepita, shemeji, kaa. Wewe utaleta chai. Nami nitakaa. Msamaha wa mlangoni ni adabu tu, kwa sababu mgeni hafukuzwi. Mtu huyu alinichekea mara moja kunisitiri. Sitaki alazimike mara ya pili. Nataka apate nafasi ya kukasirika bila mimi kukaa mbele yake na goti langu. Huenda huu nao ni woga uliovaa nguo safi. Katika umri huu sijui tena kutenganisha woga na heshima.

Wasalimie watoto na wajukuu, na majirani wanaonikumbuka, kama wamebaki. Mguu uweke juu ya kigoda unapokaa, usiuninginize. Mumeo usimpe salamu zangu mpaka amalize kusoma. Akimaliza, mwulize kama anazitaka.

Tiketi yangu nimeirudisha. Mimi sirudi.

Kaka yako,
mchoraji