Mwanamke wa Kitanda cha Pili

Kibarani, Kilifi
Jumapili, baada ya alasiri

Mamangu mpenzi,

Assalaam aleikum, na shikamoo yangu ikufikie kabla ya maneno mengine yote. Natumai goti limepunguza kuuma, na kwamba ile dawa ya kuchua unaitumia wewe, hukumpa jirani kama ile ya kwanza. Baba nasikia kikohozi kimemwachia, alhamdulillahi. Mpe salamu zangu, lakini barua hii usimpe. Isome peke yako ukishafunga mlango.

Najua utashangaa, barua ya nini na simu zipo. Simu yako, mama, huisikii mpaka uweke sauti kubwa, na ukiweka sauti kubwa Mambrui nzima inajua mwanao amepika nini. Kwa hivyo nitampa Hafswa bahasha hii akirudi huko nyumbani, na nitaibandika kwa gundi kwa sababu namjua mdogo wangu. Nimemwambia ndani mna mambo ya wanawake waliokwisha kuolewa. Hakulipenda jibu hilo.

Mama, naogopa. Wacha niliseme mapema lisinikabe. Tangu Ijumaa chakula hakinipiti, na nikimsikia Swafwan akifungua lango naingia chumbani. Si kwamba mume wangu amenifanyia ubaya. Ni wema wake ndio unaonitia hofu, na ukiendelea kusoma utaelewa.

Unajua nasoma kompyuta kwa chuo cha mtandaoni, wewe ambaye kila mara waniuliza kama nishajua kutengeneza redio yako. Muhula huu wametupa hisabati, lakini si zile za kujumlisha na kutoa. Ni za kupanga vitu kwa seti, kuangalia kipi kinahusiana na kipi, kisha kuthibitisha kwamba jambo ni kweli au si kweli, na hapo katikati hapana pa kusimama. Mwanzo zilinitoa machozi. Swafwan ndiye aliyenisukuma. Nikifungua kompyuta yeye huenda kuwaomba majirani wapunguze muziki, ati mkewe yuko darasani, na majirani humcheka kwa sababu wananiona nimekaa dirishani na leso yangu kichwani. Basi pole pole nikalipenda somo, hata nikawa mbishi nalo.

Mwalimu wetu, mtu mmoja aitwaye Ndirangu ambaye tunamwona kwenye kioo cha kompyuta tu, alitupa zoezi. Kila mtu achague uhusiano ulioko baina ya watu anaowajua, aandike majina yao, na awaunganishe kwa mishale. Kisha aonyeshe kama mshale ukitoka kwa wa kwanza kwenda kwa wa pili, na kwa wa pili kwenda kwa wa tatu, ni lazima pia utoke kwa wa kwanza kwenda kwa wa tatu. Wenzangu walichagua urafiki na mambo ya mtandaoni. Mimi nikajiona mjanja, nikachagua kuchangia ziwa. Nilimwandikia kwamba kwetu watoto wawili wakinyonya kwa mwanamke mmoja huwa ndugu, na hawaoani, kama waliotoka tumbo moja. Alifurahi sana, akasema hajapata kuletewa mfano kama huo. Akataka nitafute na mahali mshale unapokatika, yaani mtu aliyenyonya kwa wanawake wawili, ili watoto wa huku wasiwe ndugu wa watoto wa kule.

Sikuwa na mtu wa hivyo. Swafwan akaniambia yeye mwenyewe yumo. Aliwahi kusikia kwamba alipozaliwa alinyonyeshwa na mwanamke mwengine, lakini mamake alifariki kabla hajamwuliza vizuri. Akanielekeza kwa shangazi yake, bi Kibibi wa Takaungu, yule ambaye hata harusini hakuja kwa sababu ya maradhi. Ijumaa nikaenda na karatasi yangu na kalamu, nimefurahi kama mtu aendaye kupokea zawadi.

Bi Kibibi alinikaribisha vizuri, akanikalisha jikoni huku akikuna nazi. Alisema Swafwan alizaliwa hospitalini Malindi, na mamake akatokwa na damu nyingi mpaka akawa hajitambui, na mtoto analia kwa njaa. Mwanamke wa kitanda cha pili, ambaye naye alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, akanyoosha mikono akasema mleteni hapa. Hawakuwa wakijuana. Alikuwa mtu wa upande wa Mambrui au Gongoni, bi Kibibi hakumbuki, na waliporudi na shukrani zao alikuwa ameshapewa ruhusa ya kwenda kwao. Mimi bado nachora, mama. Nilichora mshale kutoka kwa Swafwan hadi kwa yule mtoto asiye na jina, nikajiona nishapata alama zangu zote.

Kisha bi Kibibi akacheka, akasema anachokikumbuka zaidi ni yule mtoto wa mwanamke. Alikuwa na kidole cha sita mkono wa kushoto, kimefungwa uzi mweusi ili kidondoke, na mamake alikuwa akimkataza kila aingiaye asimguse hapo.

Niliweka kalamu chini. Bi Kibibi aliniuliza nina nini, nikasingizia joto.

Mama, kaka Faiz ana kovu la kidole kama hicho mkono wa kushoto. Faiz na Swafwan wamezaliwa mwezi mmoja, tulilicheka hilo siku ya posa. Na wewe mwenyewe, tangu tuko wadogo, Faiz akinyima wenzake chakula ulikuwa ukimtania kwamba ni mchoyo wa kuzaliwa, alikasirika siku ulipompa ziwa mtoto wa wenyewe. Hatukuuliza mtoto huyo ni nani, wala wewe hukumjua. Siku ya posa wazee walichimba koo zote mbili, wakaulizana nani amenyonya kwa nani mle majumbani, na kila mtu akasema hakuna. Hakuna aliyefikiria wodi.

Karatasi niliikunja nikaitia mkobani, lakini kuikunja hakukubadilisha kitu. Mimi na Faiz tumenyonya kwako, na Faiz na Swafwan wamenyonya kwako. Ziwa ni lile lile, na hapo mshale haukatiki. Nimejaribu kuukata kwa kila njia niliyofundishwa na nimeshindwa.

Limebaki tundu moja la kupumulia. Madrasani tulisomeshwa kwamba udugu wa ziwa hauwi mpaka mtoto anyonye mara tano, na kila mara ashibe. Bi Kibibi hajui zilikuwa mara ngapi. Yeye alirudi Takaungu siku ile ile. Alisema pengine ni mara moja tu, na pengine ni mpaka wifi yake alipopata fahamu. Mwenye kujua ni wewe peke yako duniani. Nakuomba usikisie ili unifurahishe, na usinisitiri. Kaa chini ukumbuke.

Swafwan hajui. Nimemwambia nina mtihani mkubwa, kwa hivyo nalala chumba cha mbele na vitabu vyangu. Ameniamini. Asubuhi ananiwekea chai mlangoni na kuondoka kwa kunyata asije akanipotezea mawazo. Nainywa huku nalia. Mwalimu Ndirangu naye ananikumbusha kwamba kazi yangu haijafika na alikuwa akiisubiri kuliko zote.

Na kuna jambo jengine, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nina mimba, mama. Nilijua Alhamisi, na nilipanga nikirudi kutoka Takaungu nimwambie Swafwan, nimwone atakavyofurahi. Sikumwambia. Wewe ndiwe wa kwanza kusikia. Nimesoma kwamba watu wakioana bila kujua, mtoto wao hana kosa na ni wa babake kihalali, na hilo limenipoza kidogo. Lakini usingizi unapokataa nawaza kwamba huyu mtoto, babake atakuwa pia mjomba wake.

Nisalimie Faiz. Mwambie dadake ampenda, usimwambie zaidi. Nisalimie na majirani wote wanaoniuliza. Mungu akuweke, akupe afya, na akupe kumbukumbu njema katika jambo hili.

Ikiwa hazikufika tano, mwambie Hafswa anipigie aseme tu kwamba mama anakusalimu. Nitaelewa, na Swafwan akirudi kutoka kazini nitampa habari ya mimba. Ikiwa zilifika, usipige simu, wala usiandike. Njoo wewe mwenyewe unichukue, kwa sababu peke yangu sitaweza kutoka katika nyumba hii.

Ni mimi mwanao,
Rufaida