Petronila Arobaini na Moja

Ursula weee. Nimeua ndoa ya wazazi wangu.

Ile kompyuta baba aliyopewaga na padri mwaka 87, akifundisha Butiama? Nimebadilisha kapasita, nimeichomeka kwenye tivii, IMEWAKA. Nikaita wote sebuleni waone.

Programu zake ziko kwenye kaseti. Nikaweka moja, ikalia kama panya aliyebanwa na mlango. Baba anapiga makofi: "Hiyo niliandika mwenyewe, ya kusahihishia mitihani!"

Haikuwa mitihani Ursula. HAIKUWA MITIHANI.

Kwenye tivii: MCHUMBA YUPI. GETRUDA 88. PETRONILA 41.

Petronila si ndiye mama! Na Getruda mdogo wake alikuwa amekaa hapo hapo na kikombe cha chai!

Baba: "Mashine za zamani zinakoseaga."

Mama akasogelea kioo, akasoma alama moja moja chini ya jina lake. "Kupika nimepata nne? NNE kati ya ishirini? Miaka yote hii unaramba vidole kwa sato wangu!"

Nimechomoa waya, nimechelewa.

Sasa hivi baba kauliza chakula. Mama hata hajageuka: "Nenda kale kwa themanini na nane."

Na themanini na nane keshapanda boda, karudi kwake Bweri.