Mwezi Ulioandama Zamu ya Zuhura

Jumatatu, 27 Ramadhani

Mchele nimepepeta. Iliki nimetwanga. Usiku unaoingia ni zamu ya Zuhura, mke mwenzangu. Tunakaa ua mmoja, mlango kwa mlango, na kicheko chake nakisikia. Nakichukia.

Jumanne, 28 Ramadhani

Nimepiga hesabu. Siku yetu huanza magharibi. Mwezi ukiandama kesho, usiku wa sikukuu ni wa Zuhura. Mume wetu Hassani ataamka kwake, atavaa kanzu mpya kwake, na mtaa mzima utamwona akitoka mlango ule kwenda kuswali Idi. Usipoandama, tunatimiza thelathini, na mlango ni wangu.

Kalenda ya dukani kwa Mhindi haisaidii. Inajua Krismasi tu.

Jumatano, 29 Ramadhani

Mawingu tangu alasiri. Tumefuturu tende, tukatoka uani. Zuhura akanyoosha kidole juu ya vilima. "Dada, ule pale."

Niliuona. Mwembamba kama ukucha. Wingu likaufunika.

Hassani alirudi na wazee wa msikitini. Wakasema shahidi mmoja, tena mwanamke, hatoshi. Wakaniuliza, mimi je? Nikasema sikuona kitu. Mmoja wao akasema mke mdogo ana haraka ya sikukuu. Wakacheka. Zuhura alinitazama, akaingia ndani.

Nilifurahi. Naandika hivyo hivyo.

Alhamisi, 30 Ramadhani

Hapana. Ni mosi, Mfunguo Mosi.

Asubuhi, tumeshafunga, telegramu imefika Boma kutoka Kilwa. Mwezi ulionekana. Mji mzima umeamka na saumu siku ya Idi, na hiyo ni haramu. Watu wamefungua kwa maji, wakakimbilia msikitini. Hassani alitoka kwa Zuhura na shati la kazi.

Kwake hamkuwa na hata kitunguu. Vyote nilikuwa navyo mimi. Wamekuja kula pilau kwangu. Hassani akamwomba Zuhura radhi mbele yangu kwa kutomwamini. Zuhura hakunitaja. Akanipa mkono, akasema, "Idi njema, dada."

Pilau yangu nimewapa kuku.

Ijumaa, 2 Mfunguo Mosi

Usiku ulikuwa wangu. Nikamwambia Hassani akalale kwa Zuhura. Akauliza kama naumwa. Nikasema ndiyo. Siumwi. Nimelala macho nikiwaonea wivu, kama siku zote.

Leo nimebisha mlango wake.

"Ulikuwa mwembamba sana, dada," akasema. "Mtu angeweza asiuone."

"Niliuona."

Akasogea kwenye mkeka, nikakaa.