Kuku Tuliyempelekea Mzee Burito

Bunda,
16 Novemba 1993

Kwa kaka yangu Florian,

Salamu nyingi zikufikie hapo Kiabakari, wewe na wifi Ursula na watoto. Natumaini kile kifua kilichokuwa kikimsumbua wifi kimetulia tangu mvua zianze. Sisi hapa ni wazima, tunakula tunacholima. Gati yupo nyumbani kama ujuavyo, maana shule aliyochaguliwa haikumngoja na nafasi yake alipewa mtoto mwingine. Siku hizi anauza karanga stendi, na akiona wenzake wamevaa sare anavuka upande wa pili wa barabara.

Kaka, kila nikipita kwako ulikuwa unaniuliza kesi yetu imefikia wapi, nami mara nyingi nakujibu juujuu nikiogopa kuachwa na basi. Leo nakuandikia yote kwa utaratibu, usije ukasema hukuelewa.

Unakumbuka nilivyoingia kwenye kinu cha mafuta cha Mzee Burito. Ilikuwa miaka ile ya foleni, mtu mwenye mche mzima wa sabuni anaonekana tajiri. Kinu kilikamua mbegu za pamba, na mafuta mengine tukayapikia sabuni. Mshahara ukichelewa Mzee alitupa sabuni, na hakuna aliyenung'unika. Wengine tulikuwa tunaomba uchelewe. Hapo ndipo tulipomzoesha vibaya. Mambo ya ruksa yalipokuja na biashara kuachiwa huru, sabuni nzuri zikajaa mpaka kwenye vibanda vya nyanya, lakini Mzee akaendelea kutupa ile ya kwake inayokwaruza ngozi, na mwisho hata hiyo ikakoma. Tukimuuliza mshahara anasema tumvumilie, benki wanamsumbua.

Nilidhani tumejifunga wenyewe kwa kupokea sabuni. Afisa Kazi wa Musoma, bwana mmoja mpole anayeitwa Machage, ndiye aliyenitoa ujinga. Alisema sheria inataka mshahara ulipwe kwa fedha na kwa wakati wake, na sabuni haifuti deni. Alituonya tusiache kazi kwa hasira, Mzee asije akasema tumetoroka. Tulete malalamiko kwake kwa pamoja, naye amwite Mzee ili tusuluhishwe, na Mzee akikaidi, yeye atalifikisha suala kwa hakimu bila sisi kutafuta wakili. Alisema ipo pia njia ya chama cha wafanyakazi mpaka mahakama ya kazi, ila hiyo ni ndefu na inaishia Dar es Salaam. Kitu kimoja alikisisitiza: tufunge midomo mpaka apate amri ya kuzuia mashine isiuzwe, kwa sababu Mzee hana mali nyingine ya maana. Nikirudi siku ile nilipita kwako nikakusimulia kila kitu, nawe ukasema ni jambo jema.

Tuliharibu wenyewe, na tuliharibu kwa adabu zetu. Enoka, mwenyekiti wa kamati yetu, alisema mtu mzima hashtakiwi kwa kuviziwa, sisi tumelelewa kumwambia mtu usoni kabla ya kumfikisha barazani. Alisema Mzee tulikuwaga tunakula kwake, na nusu ya watoto wa kinu aliwasimamia ubatizo. Kweli, hata Gati wangu ni mtoto wake wa ubatizo. Basi tukachangishana, watu tusiolipwa, tukanunua kuku, maana kwenda mikono mitupu ni aibu, tukaenda kumwarifu tunayemdai kwamba tunamshtaki. Mzee alimpokea kuku kwa mikono miwili. Alisema watoto wake wamefanya kiungwana na sheria ni ya watu wote. Tulitoka pale tunasifiana, na mimi nilikuwa wa kwanza kusifu.

Jumatatu iliyofuata tulikuta banda tupu. Mashine ya kukamua ilikuwa imeng'olewa na boliti zake, pamebaki matundu sakafuni. Mzee alisema amemuuzia mtu wa mbali na fedha yote imekwenda benki. Machage hakukata tamaa, alitufikisha kwa hakimu, na hukumu tulipewa sisi. Lakini dalali wa mahakama alipokwenda kukamata mali alikuta viti viwili na mizani mbovu. Tulishinda, tukarudi nyumbani na njaa yetu. Wiki hiyo hiyo ndipo shule ilipomfuta Gati kwa kukosa ada.

Wewe ulinipa pole, na nauli ulinipa si mara moja. Wifi ananimiminia chai, wewe unaniuliza Afisa Kazi anasemaje, mashine wanaitafuta wapi. Nilikuombea kanisani. Nilimwambia Mama kule Kiriba kwamba katika watoto wake wewe ndiye mwenye moyo.

Mwezi uliopita nilisafiri na Mayala, fundi wetu wa zamani. Basi liliharibika karibu na kwenu, tukatembea. Nyuma ya yale majengo ya zamani ya mgodi tulisikia mashine inakamua, Mayala akasimama. Alisema ile anaijua. Tukaingia kama wanunuzi wa mashudu, na kweli, mguu mmoja wa mashine ulikuwa na kipande cha reli alichokichomelea Mayala mwenyewe. Mama mmoja aliyekuwa anashona magunia alitueleza bila kuficha kwamba mwenye mali ni Florian Masatu wa dukani, aliichukua Bunda kwa bei ya kutupa, Jumapili, watu wakiwa kanisani.

Na mimi nilikuwa kanisani, kaka. Ulifika Bunda na lori, ukapakia jasho langu, ukaondoka bila hata kunipigia hodi. Siwezi kukuficha, nilikuchukia, na bado nakuchukia ninapoandika.

Sikuja dukani kwako siku ile. Nilipanda gari jingine mpaka Musoma. Machage alisema mali iliyouzwa kukwepa deni inaweza kufuatwa ilipo, ila lazima apatikane mtu wa kuapa kwamba mnunuzi alijua kuna madai. Nikasema mtu huyo yupo. Ijumaa iliyopita nilishika Biblia mbele ya hakimu nikasema kaka yangu wa tumbo moja alijua, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia.

Hakimu ametoa amri. Dalali na askari watafika kwako Alhamisi, na barua hii naitia posta siku hiyo hiyo jioni, ili ikukute mashine imekwisha kuondoka. Ukitaka kupinga, nenda mahakamani, haki yako ipo kama ilivyokuwa yetu.

Mama hajui. Nikimwambia mimi ataniomba nikusamehe, na nitashindwa kumkatalia, kwa hiyo nimeamua Krismasi nisiende Kiriba. Nenda wewe na familia yako, asikose mtoto wa kukaa naye. Akiuliza niko wapi, mwambie mwenyewe.

Wifi mpe salamu zangu za kweli, sina neno naye. Watoto wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mungu awalinde ninyi nyote.

Ni mimi dada yako,
Hyasinta Masatu