Kompyuta ya Kazini Mikononi mwa Mama Mkwe

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla ya Jumatatu maana nimebanwa kila upande. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, nakaa mjini Daegu na mume wangu na mama yake, na kwa miaka mitatu nimefanyia kazi mezani pa jikoni, kampuni yetu inatunza mafaili ya wagonjwa wa kliniki za meno, na kompyuta niliyopewa nilionywa isiguswe na mtu mwingine, lakini mama mkwe alipofiwa na mumewe alikuwa hali wala halali, basi siku moja nikamfungulia aimbe kwa video na kwaya ya kanisa lake la zamani kule Andong, akacheka kwa mara ya kwanza, nami ningemnyimaje, nikamwandikia nywila kwenye karatasi nikaibandika kwenye friji ya kimchi, ile ya kabichi zetu za kuchachusha.

Mwezi uliopita akaletewa ujumbe kwamba kifurushi chake kimekwama, abonyeze hapa, akabonyeza, na tangu siku hiyo kompyuta inafungua vidirisha yenyewe na inakwenda kwa kusuasua. Nilipomuuliza akasema, "Mwanangu, nimebonyeza waliponiambia nibonyeze. Na walivyoandika kwa adabu!"

Sasa tumeitwa sote kurudi ofisini, na kila kompyuta lazima ikaguliwe kabla ya kuingizwa kwenye mtandao wa ofisi. Mkaguzi ni Hye-rim, mdogo wangu wa chuo, yaani niliyemtangulia masomoni, na mimi ndiye niliyemwombea kazi hapo. Nikampigia, "Mdogo wangu, yangu itie tiki tu, mambo yasiwe mengi." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, dada." Nilidhani nitapumua, lakini sina raha hata chembe. Je, nifute kila kitu mwenyewe, niseme imemwagikiwa supu, au nimwachie Hye-rim anisitiri?

Mkamwana wa Suseong, Daegu

*

Mkamwana,

Pole. Uliona mjane anakauka mbele ya macho yako ukamfungulia mlango, na kwa hilo sikulaumu. Lakini nywila kwenye friji, mama! Hata fundi wa friji akija ataisoma. Na huyo mumeo yuko wapi katika barua hii? Mama ni wake, kompyuta ikawa ya mwajiri wako. Yake yeye ameificha wapi? Mwambie wiki hii amnunulie mama yake kompyuta, hata ndogo, aimbe mpaka majirani walalamike.

Supu uinywe. Na usifute kitu, kwa sababu ukifuta unawaondolea mafundi alama za kuwaonyesha nini kimeingia na kimefika wapi. Izime sasa hivi, usiiwashe tena. Chukua simu yako uwapigie watu wa usalama wa mitambo leo, usingoje Jumatatu, uwaeleze nani aliitumia, siku gani ule ujumbe ulibonyezwa, na umeona nini tangu hapo. Nywila zako zote za kazini zibadilishwe kwenye mashine nyingine, tena uwaulize wao kwanza. Utakaripiwa. Pengine utapewa barua ya onyo. Ipokee, useme nimekosa, na mama mkwe usimsukumie lawama, maana aliyekabidhiwa ni wewe. Siwezi kukuahidi bosi wako atakavyoamua, ila nimesoma barua nyingi za watu walioanza kusema wenyewe, na wengi wao bado wako kazini.

Linalonikera ni hili la Hye-rim. Ile "sawa, dada" uliipokea kama ruhusa, nawe unajua fika kwamba mtu aliyekutangulia chuoni na kukuombea kazi humwambii hapana. Alinyamaza. Jibu lake lilikuwa pale, ukajifanya hukulisikia. Tiki ni ya jina lake, na kirusi kikiingia kwenye mafaili ya wagonjwa, atakayefungasha vitu vyake ni yeye.

Kwa hiyo kabla hujampigia mtu mwingine yeyote, mpigie yeye. Mwombe radhi, kisha umwambie maneno ambayo yeye hawezi kukuambia: "Hye-rim, yangu ianze, na uikague kama ya mtu usiyemjua."