Skurubu Uliyoiacha Nusu

Somo yangu Kombo,

Nikupe salamu gani? Za "hujambo" umeshazipita, na zile za makaburini ulimi wangu bado haujakubali kukupa weye. Pokea zozote zitakazokufikia. Ni miye, Kombo mwenzako, nakuandikia kutoka bandani kwetu hapa Chake, nimekaa juu ya lile tairi bovu. Kiti chako kipo kitupu. Tajiri alileta fundi mwengine akikalie. Yule bwana alifanya kazi asubuhi moja tu, akasema kuna mtu anapiga mluzi nyuma ya mabati, akachukua kofia yake akaenda zake. Nikamcheka nikamwambia ni upepo. Siku ile hapakuwa na upepo, somo.

Nataka nikwambie habari za lile tela.

Unakumbuka lilivyotutesa? Tela la jeshi, lililobaki baada ya vita, tajiri kalileta bandani meno yote nje kama kaleta bibi harusi. Kumbe plagi yake ya taa haiingii kwenye soketi ya gari letu! Pini zake nyembamba, matundu ya gari manene, na mpangilio wake hauelekeani hata kidogo. Unanijua nilivyo. Nikaikamia, nikaisukuma kwa magoti, nikaigonga kwa kitako cha nyundo nusura niipasue. Ukanisogeza kwa bega: "Ondoka weye! Posa imekataliwa hii, haendi mtu kupigana na wazee." Nilinuna mpaka adhuhuri. Leo ningetoa chochote nisikie tena maneno hayo, wallahi.

Ukazifungua waya ukaanza kuzionja moja moja kwa ncha ya ulimi, mtindo wako ule uliokuwa ukinitia kichefuchefu. Waya wenye umeme, ukisema, "Huu una chumvi." Usio nao, "Huu chapwa." Ukaamua dawa yake ni kuikata ile plagi ya jeshi na kulifunga tela plagi ya lile lori letu bovu, inayolingana na soketi yetu. Lakini karafuu za Makangale zilikuwa zinangoja, tajiri anapiga kelele, ukaondoka na tela halina taa, plagi nzuri imo mfukoni mwako.

Yaliyokukuta Ngezi nimeyasikia kwa watu. Mvua ilikunyeshea ndani ya msitu, na mchana wa mule wenyewe ni kama magharibi. Ukaogopa anayekuja nyuma hatakuona. Ukasimama uifunge plagi palepale, njiani. Na aliyekuja nyuma hakukuona. Yule dereva maskini bado analia, hashiki usukani. Miye sina la kumwambia, na sitaki kumwona.

Wanakijiji wakalisukuma tela mpaka uwanjani kwa mama yako, Makangale, kwa kuwa nyumba yenu ndiyo ya karibu na njia. Siku zikapita, tajiri akanituma niende na gari nikalilete. Nilikwenda roho mkononi. Nikarudi kinyumenyume mpaka penye mkono wa tela, nikashuka, nikaiokota ile plagi kwenye tope. Si ya jeshi, ni ile ya lori. Ulikuwa umeshaifunga, yakhe! Nikaipachika kwenye soketi, ikaingia mara moja, laini, bila hata kusukumwa. Nikacheka peke yangu, kisha nikalia mpaka nikakaa chini.

Nikawasha taa. Ya nyuma ya tela ikawaka, nyekundu. Nikakanyaga breki ili izidi mwanga, kumbe ikazima. Nikaachia, ikawaka. Nikakanyaga, ikazima. Nikashuka garini, simo mle ndani wala mguu wangu haumo, nayo inafumba na kufumbua taratibu, yenyewe.

Mama yako alikuwa ametoka jikoni. Bi Time, unamjua, mtu asiyeyumbishwa na kitu. Akaja mpaka nyuma ya tela, akasimama na mwiko wake mkononi akiitazama ile taa. Akasema, "Kombo." Nikaitika, "Labeka, mama." Akasema, "Si weye."

Tangu hapo hakuingia ndani. Mvua ikawa imekata njia, siwezi kuondoka, na yeye katandika mkeka wake nyuma ya tela, kanibembeleza taa nisiizime, basi miye kazi yangu kuunguza mafuta ili betri isife. Anazungumza nayo kutwa. Anakuuliza umekula, anakuhadithia nani kaoa, nani kazaa. Anauliza, kisha anangoja, na taa inafumba. Ah, somo! Kuna mara ilifumba mahali ambapo weye ungesema "Eeh, mama," palepale hasa, nami nikageuka kukutafuta.

Chakula akawa hataki. Kikohozi kikamkaa kifuani, kile kizito, na kanga zake hazikauki. Niliona waziwazi kwamba tutamzika ubavuni mwako. Shehe akaja akaniita pembeni: "Kaa ndani ya gari, uikanyage hiyo breki yako, umjibu aingie ndani ale." Nikamwambia, "Shehe, miye Kombo na yeye Kombo. Nikimwitikia marehemu wito wake, safari ya pili atakayeitwa ni nani?" Shehe akasema astaghafirullah, hakulirudia tena.

Basi nikafanya la ufundi. Nikalala chali tumbo juu chini ya tela, nikafuata waya kutoka kwenye plagi mpaka nyuma. Kila pahala nimekuta mkono wako, mafundo yako yaleyale mafupi. Nikafika nyuma ya taa, kwenye waya wa ardhi, ule unaofungwa kwenye chuma cha tela ili umeme upate pa kurudi. Skurubu yake umeizungusha nusu. Nusu tu. Waya umelegea chini yake, upepo ukivuma unagusa, ukitulia unaachia. Umeme ukikosa njia hiyo hurudi kupitia waya wa breki, ndiyo maana taa ikawa kichwa chini miguu juu. Hakuna jini wala nini. Lakini ilinichukua muda kuutoa mkono wangu pale, kwa sababu hapo ndipo mkono wako ulipokuwa gari lile lilipokuja.

Nikatoka nikamweleza mama yako. Nilimwambia ni kuikaza tu, itatulia. Akalishika shati langu.

"Usiikaze! Mwanangu hajapata kuacha kazi nusu. Hiyo ndiyo inayomweka hapa. Akiimaliza ataondoka."

Nilitaka kumkatalia. Nilikuwa na maneno tele, na hasira pia, kwa kuwa alikuwa anakohoa huku ananing'ang'ania. Lakini kweli yake niliijua, somo. Hujapata kuacha kazi nusu. Na miye mwenyewe, nikueleze wazi, nilikuwa na bisbisi mfukoni muda wote ule na sikuwa nimeikaza. Nilijipa udhuru kwamba naomba ruhusa. Sikutaka uondoke.

Tukakaa pale kwa muda, yeye mkekani, miye topeni. Mvua ikarudi, nyembamba, na upepo wa kutoka msituni. Taa ikaanza kucheza haraka haraka. Bi Time akaisogelea. Akaweka kiganja chake juu ya kioo.

"Anatetemeka," akasema.

Nikainuka topeni.

"Kombo anatetemeka. Baridi imemwingia." Akanigeukia, na uso wake sitausahau. "Ni miye. Ni miye niliyemweka mvuani siku zote hizi."

Akanyoosha mkono nimpe bisbisi. Nikamwonyesha skurubu ilipo. Mikono yake ilikuwa haina nguvu, ikateleza mara ya kwanza, nikataka kumsaidia akanipiga kofi mkononi kama mtoto. Akaikaza mwenyewe, polepole, mpaka ikagoma. Akasema, "Basi, mwanangu. Kazi imekwisha. Kapumzike."

Taa ikatulia. Nyekundu, kimya, haichezi hata upepo ulipovuma. Akaitazama kwa makini, kama mtu anayetazama nyumba ya jirani aliyehama. Akasema, "Hii taa tu." Akakunja mkeka wake, akaingia ndani, nikamsikia anachochea moto. Baadaye akaniletea uji, na wake alikuwa ameshakunywa, bakuli nililiona.

Sasa hajambo. Kifua kimelegea, anakwenda shamba, anagombana na majirani juu ya kuku. Kila nikifika Makangale ananifokea kwamba nimekonda. Habari zake ni hizo, na ungezifurahia.

Lakini iliyobaki hajui, wala Shehe hajui, na hakuna mwengine ninayeweza kumwambia, ndiyo maana nikachukua kalamu. Alasiri ya siku ileile, mama yako yumo ndani anakunywa uji wake, nilikwenda kuichomoa plagi ili betri ipumzike. Nikaichomoa. Nikaishika mkononi, pini zote zinaonekana, waya unaning'inia. Nikatazama nyuma.

Taa ilikuwa inawaka.

Haikucheza. Iliwaka vilevile, tulivu, plagi imo kiganjani mwangu, somo, na kiganja changu hakina umeme. Sikukimbia. Nilitaka kuita jina lako nikaona nitakuwa naita langu. Nikasimama tu, na sijui ni muda gani, mpaka ikaanza kufifia, kidogo kidogo, bila haraka, namna weye ulivyokuwa ukifunga mlango wa banda nilipokuwa nimelala.

Nimefurahi mno uliniaga. Sikulala kwa furaha ile, na kwa woga. Lakini kesho yake nilimwona mama yako anaanua kanga zake kavu kwenye kamba, nikajua hili nitakufa nalo. Akilisikia, mkeka utarudi nje. Nakuahidi mdomo wangu hautamwambia, hata akiniuliza kwa machozi.

Na weye nakuomba, yakhe, ingawa roho yangu inataka kinyume chake: nikipita Ngezi na lile tela nyuma yangu, usiiwashe tena ile taa.

Somo yako,
Kombo